Mrenda wa Shinyalu, uliopikwa Pasua

Ukitaka kupika mrenda wa Kiluhya, ile mboga ya majani inayoteleza, hapa Moshi, usianzie sokoni. Anza na majivu. Wengi hutia magadi ya dukani, halafu wanaulizana mbona ladha haikufika. Kwetu Shinyalu, kaunti ya Kakamega, mrenda hupikwa kwa mushelekha, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea. Kukhu, bibi yangu mzaa baba, hakukubali kingine chochote kiingie chunguni.

Majivu mazuri hutokana na maganda ya maharage makavu, au maganda ya ndizi. Nilipohamia Pasua na kuona ndizi zinavyomenywa Moshi, nilijua kazi imekwisha. Nikamwendea jirani yangu, mama wa Kichagga, nikampa shikamoo yake, nikaomba maganda. "Marahaba mwanangu. Sasa ng'ombe wangu wale nini?" Ana ng'ombe wawili bandani, na hilo sikuwa nimelifikiria. Badala yake alinipa gunia zima la maganda ya maharage kutoka shamba lao la tambarare, nami nakushauri uanze na hayo: yanaungua upesi na majivu yake ni safi.

Yaanike mpaka yavunjike ukiyafinya. Yachomee juu ya bati kavu, pasipo upepo, wala usichanganye na karatasi au plastiki. Yaache yapoe yenyewe. Ukiyamwagia maji umeshapoteza. Kukhu alikuwa na chungu kikuukuu chenye matundu chini, akitandika nyasi ndani. Mimi natumia kopo la plastiki nililolitoboa kwa msumari, nikaweka kitambaa safi mahali pa nyasi. Shindilia majivu, weka bakuli chini, kisha mimina maji ya baridi kidogo kidogo. Yatadondoka polepole, ya rangi ya kahawia. Yakianza kupauka, acha; nguvu imekwisha.

Hapo tia kwenye chupa, uandike jina lake kwa herufi kubwa. Nasisitiza hili kwa sababu ya binamu yangu. Desemba moja alikuja kutoka Nairobi, akakuta bakuli la mushelekha mezani, akaona ni chai ya rangi. Akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga kwa adabu, akapiga funda. Alichofanya baadaye hatujakisahau: aliutema ukutani, akatoka mbio akaizunguka nyumba mara mbili, na mbwa nyuma yake akidhani ni mchezo. Kukhu alimsukutua kinywa kwa maji mengi, akamkagua ulimi, akaona yuko salama. Ndipo akaanza kuisikitikia sukari. Likizo nzima binamu alinusa kila kikombe kabla ya kunywa, hata cha maji.

Sasa nenda soko la Mbuyuni. Ulizia mlenda, ndivyo unavyoitwa huku, na majani machanga ya kunde. Mimi huchanganya mabakuli mawili ya mrenda kwa moja la kunde. Mrenda mtupu huteleza kupita kiasi. Chambua, osha, toa vikonyo vigumu. Chemsha maji vikombe viwili, tia mushelekha vijiko viwili vya mezani, weka kunde kwanza, na baada ya dakika tano mrenda. Usifunike, maana povu hupanda ghafla na kuzima jiko. Koroga mpaka majani yalainike na yabaki na kijani chake. Dakika kumi na tano zinatosha. Chumvi kidogo. Ukiona ladha ya sabuni, ulizidisha mushelekha. Ongeza majani, usiongeze maji. Mwishoni tia maziwa nusu kikombe, uache uchemke taratibu. Kiporo chake cha kesho ni kitamu zaidi.

Songa ugali mgumu, obusuma wa kwetu. Finyanga tonge, libonyeze kwa dole gumba lipate kishimo, chota, kisha zungusha mkono kidogo ili uzi wa mrenda ukatike. Mgeni wako asipojua kuzungusha, atatoka na mstari wa kijani kuanzia sahani mpaka kidevuni. Sisi watoto hatukutaka hata kuukata. Tulishindana nani atauvuta mrefu zaidi, na kaka yangu aliwahi kupanda juu ya kigoda, tonge likiwa mdomoni, ili tupime. Uzi ulifika. Kigoda hakikustahimili.

Tuliweza kucheza hivyo kwa sababu mrenda haukuwa na mwenyewe. Kuku alikuwa na sheria. Mgeni akija, watoto tulimkimbiza jogoo mpaka kwenye migomba, lakini akishaiva, firigisi, tunayoiita imondo, ilikwenda kwa mwanamume mkubwa wa nyumba. Wanawake wa zamani, kukhu akiwemo, hawakula kuku kabisa. Alimpika kwa ustadi, akapakua, kisha akarudi jikoni kukaa nasi kwenye sinia moja la mrenda. Picha hiyo ndiyo ninayoipikia.

Yule jirani yangu alionja mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni. Akaniambia umekosa pilipili, akaenda nyumbani kwake kuileta. Siku hizi, akishapura maharage, mjukuu wake huniletea gunia la maganda, na juu yake chupa tupu.