Kuitumia tena kanda ya chelezo katika Unix bila kuipoteza data ya awali

Ofisi moja hapa Lamu niliyoifanyia kazi ilikuwa ikiweka chelezo, yaani nakala ya akiba, ya data ya seva yake kila jioni katika kanda ileile ya sumaku, kwa imani kwamba kanda hiyo imebeba wiki nzima. Siku diski ilipokufa tulikuta chelezo ya jioni moja tu, ya mwisho, na ile ya Jumatatu iliyokuwa na faili tulizozihitaji haikuwapo. Hakuna aliyefuta kitu. Amri ilikuwa imeandikwa /dev/st0 mahali palipotakiwa /dev/nst0, majina mawili ya mashine ileile ya kanda, na upungufu wa herufi hiyo moja uliwagharimu watu kazi ya siku nyingi.

Katika Linux, st0 huirudisha kanda mwanzo kila programu inapoifunga, ilhali nst0 huiacha pale ilipofikia. Kwa hiyo chelezo ya Jumanne iliandikwa juu ya ile ya Jumatatu. Katika mifumo mingine ya Unix, FreeBSD huiita nsa0 na Solaris huiita /dev/rmt/0n, nawe popote ulipo itafute hiyo n. Jambo la pili ni zito zaidi: kanda si diski. Kila unapoandika, mashine huweka alama ya mwisho wa data baada ya maandishi hayo, na yote ya zamani yaliyobaki baada ya alama hiyo hayasomeki tena kwa amri za kawaida, hata kama ulichoandika ni faili ya kilobaiti moja.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kugusa kibodi, sukuma kitelezi cha kuzuia kuandika kilicho kwenye kasha la kanda, kisha uitie katika mashine na uandike amri ya mt, inayoiendesha kanda:

mt -f /dev/nst0 status

Ukiona WR_PROT katika majibu, kanda imefungwa na unaweza kuichunguza bila hofu.

Hatua ya pili. Soma kilichomo kwa tar, programu ya kuandika na kusoma chelezo, moja baada ya nyingine. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo chelezo ya tatu hufikiwa hivi:

mt -f /dev/nst0 asf 2
tar -tvf /dev/nst0

Napendelea asf kuliko fsf, kwa sababu asf huirudisha kanda mwanzo kwanza ndipo ihesabu alama zinazotenganisha chelezo, na fsf huhesabu kuanzia pale kanda iliposimama, mahali ambapo baada ya tar kusoma huenda pasiwe pale unapopadhani. Andika daftarini namba, tarehe na yaliyomo. Nasema daftari la karatasi, kwa kuwa orodha iliyo ndani ya seva hufa pamoja na seva.

Hatua ya tatu. Toa kanda, fungua kitelezi, uirudishe, kisha uende mwisho wa data na uulize tena umesimama wapi:

mt -f /dev/nst0 eod
mt -f /dev/nst0 status

Namba ya faili inayoonyeshwa ilingane na idadi ya chelezo ulizoziandika daftarini. Ikiwa daftari lina nne na mashine inasema 0, usiandike chochote hata kama unahimizwa umalize haraka.

Hatua ya nne. Andika, kisha urudi ukalinganishe na diski (hapa folda ni hesabu iliyo ndani ya /srv, na daftari lilikuwa na nne, hivyo mpya ni namba 4):

tar -cf /dev/nst0 -C /srv hesabu
mt -f /dev/nst0 asf 4
tar -df /dev/nst0 -C /srv

Ikiwa kanda imejaa na lazima ianzwe upya, zinakili kwanza chelezo zake kwenye diski au kanda nyingine, uzisome zote kutoka huko, ndipo uirudishe mwanzo. Usianze kamwe upya kanda iliyobeba chelezo kamili ya karibuni. Mpango wa babu, baba na mwana, yaani kanda za kila mwezi, za kila wiki na za kila siku zinazopokezana, huhakikisha kwamba kanda inayoandikwa upya ni ile ambayo mrithi wake amekwisha kuthibitishwa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Chelezo ya pili kati ya tano imeharibika. Je, naweza kuiandika upya mahali pake, maadamu mpya ni ndogo kuliko ya zamani?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Ukiandika pale, ya tatu, ya nne na ya tano zitakuwa zimepotea papo hapo. Iandike mwishoni, na daftarini uonyeshe kuwa ya pili haitumiki.

Mashine yetu mpya ni ya LTO-8 na kanda za zamani ni za LTO-6 (LTO ni aina ya kanda, na namba ni kizazi chake). Tutaweza kuzitumia tena?

Hazitasomeka humo, kwa maana LTO-8 hukubali LTO-7 na LTO-8 pekee. Mashine ya LTO-7 husoma na kuandika LTO-6, na husoma LTO-5. Nawasihi msiitupe mashine ya zamani kabla ya kuihamisha data yote.

Bwana, mtu mmoja wa Malindi ameniambia nizisafishe kanda kwa sumaku kubwa kabla ya kuzitumia tena. Ni sawa?

Kwa kanda za LTO utaziua kabisa. Zina mistari ya kuongozea kichwa cha mashine iliyoandikwa kiwandani, na sumaku ikiifuta hakuna mashine ya ofisini inayoweza kuirudisha. Kuandika upya kunatosha.

Na unyevu wetu huu wa pwani, hasa masika, kanda zitadumu?

Kwa hifadhi ya muda mrefu hushauriwa nyuzi za Selsiasi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50, hali ambayo vyumba vyetu vya karibu na bahari haviifikii bila kiyoyozi. Ziweke katika sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha linalopokea upepo wa chumvi, na kanda iliyotoka mahali pengine iache ipumzike chumbani hadi saa 24 kabla ya kuitia katika mashine.