Sabufa haiwaki? Anzia kwenye pawa saplai kabla hujanunua IC

Wadau wengi sabufa ikizima ghafla wanakimbilia kununua IC ya sauti (chipu inayokuza sauti), wakati mara nyingi shida iko huku nyuma kwenye pawa saplai (sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za DC), na ukibadilisha IC bila kujua nini kimeiua, mpya nayo inaondoka palepale. Naongelea hizi sabufa za mbao zenye transfoma ya 12-0-12 (inatoa volti 12 pande mbili, sifuri katikati) na IC za TDA2030, ndo zimejaa majumbani. Zile zisizo na transfoma kubwa, zinazoingiza umeme moja kwa moja kwenye bodi, ziache kama hujazoea, maana kapasita yake kubwa inabeba kama volti 325 za DC na inaweza kubaki na moto hata ukishachomoa plagi.

Hatua ya 1, kabla hujafungua kitu
Plagi iwe nje ya soketi, swichi iwe on, mita weka kwenye ohm, gusa pini mbili za plagi (siyo ile ya ethi). Ukipata ohm makumi kadhaa au mia na kitu, basi waya, swichi, fyuzi na praimari ya transfoma (koili yake ya upande wa umeme wa ukutani) vyote vinapitisha. Isiposoma kabisa kuna kilichokata. Angalia fyuzi, halafu waya pale unapoingia kwenye boksi maana ndo unakunjwa kila siku, halafu swichi.

Ikiwa ni praimari imekata usiitupe transfoma kwanza! Bandua taratibu ile tepu ya njano juu ya koili, nyingi zina fyuzi ya joto imefichwa humo. Weka nyingine yenye nyuzi joto na ampi zilezile, na wakati unalehemu bana mguu wake na koleo ili joto la solda liishie hapo, la sivyo unaikata mwenyewe kabla haijafanya kazi. Kuna mafundi wanairuka wanaunga waya tu, redio inapiga kweli, ila siku transfoma ikichemka hakuna cha kuizima na boksi lenyewe mbao.

Hatua ya 2, taa ya sirizi
Fyuzi kama imeungua, usiweke mpya ukachomeka hivihivi. Unga balbu ya waya ya wati 60 au 100 sirizi na laini ya moto mahali pa fyuzi, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza (LED haifai), chomoa spika, ndo uwashe. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, hizo ni kapasita zilikuwa zinachaji, poa. Ikikaa inawaka kwa nguvu kuna shoti.

Hatua ya 3, kuisaka shoti
Zima, chomoa plagi, toa waya za sekondari (zinazotoka transfoma kwenda kwenye bodi) kwenye bodi, washa tena. Balbu bado kali, transfoma imekwisha. Ikififia, shoti iko kwenye bodi. Chomoa plagi, mita weka kwenye alama ya dayodi, upime dayodi nne (zinazogeuza AC kuwa DC), upande mmoja 0.5 hadi 0.7, upande wa pili isisome. Ikileta sifuri pande zote inyanyue mguu mmoja upime tena ndo uihukumu. Za 1N4007 ni za ampi 1, mi naweka 1N5408 za ampi 3 kama matundu yanaruhusu. Kapasita iliyovimba kichwani toa, weka uF (ukubwa wa kapasita) zilezile, volti zisipungue, na usigeuze hasi na chanya.

Dayodi zikiwa nzima angalia mgongo wa TDA2030. Kile chuma chake kimeungana na mguu wa 3 ambao ni hasi ya pawa, kwahiyo kama hitisinki (bati la kupoza IC) inagusa ethi ya bodi na aliyefungua kabla yako hakurudisha karatasi ya mika inayovitenganisha, hiyo ndo shoti yenyewe, na utabadilisha fyuzi mpaka uchoke.

Hatua ya 4, volti
Mita kwenye DC, waya mweusi pale zile kapasita mbili kubwa zinapoungana, mwekundu kwenye mguu mwingine wa kila moja. Tegemea kama +16 na -16, zikizidi kidogo sawa. Upande mmoja ukikosekana usirudishe spika, IC inaweza kumwaga DC ikachoma koili ya wufa (spika ya besi). Volti zipo zote ila bodi ya bluetooth haiwaki, pima 7805 (IC ya kushusha volti hadi 5), mguu wa 3 utoe 5.

Redio inawaka ila inaunguruma hata sauti ukiishusha mwisho, hapo nashuku kapasita zimechoka hata kama hazijavimba. Pande zikilingana, toa balbu, weka fyuzi ya ampi zilizoandikwa, rudisha spika.