Wasikilizishe Vijana Intaneti ya Kupigiwa Simu

Kijana aliyekulia na simu ya mkononi haamini ukimwambia kwamba intaneti ilikuwa inapigiwa simu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na dawa nimeona ni moja: asikie kwa masikio yake. Laini ya simu haihitajiki.

Tafuta modemu mbili za nje, zile za kisanduku chenye taa mbele; modemu ndiyo hugeuza data ya kompyuta kuwa milio ipitayo kwenye waya wa simu. Kabla ya kuchomeka, soma kibandiko cha chini: baadhi hutaka umeme wa AC wa volti 9, na adapta ya DC inaweza kuingia kwenye tundu vizuri kabisa na isifae. Unganisha waya wa simu kutoka tundu la LINE la hii hadi LINE la ile. Lile la PHONE liache. Kila modemu iunganishe na kompyuta yake kwa waya wa serial; kompyuta isiyo na tundu hilo itiliwe adapta ya USB.

Fungua PuTTY, programu ya kuandikia amri modemu, kwenye kompyuta zote mbili, chagua Serial, kasi 38400. Andika AT, bonyeza Enter. Ikijibu OK, i hai. Amri hizi zilikuja na Smartmodem ya Hayes mwaka 1981, na modemu nyingi za baadaye zikazifuata.

Upande mmoja andika ATX1D. Hiyo X1 inaiambia modemu isingoje mlio wa laini. Upande wa pili, haraka, ATA. Sasa linyamazishe darasa. Mlio mwembamba wa kwanza ni modemu inayoitikia. Mikwaruzo inayofuata ni mashine mbili zikiupima waya na kukubaliana kasi. Likitokea CONNECT, unachoandika huku kinasomeka kule.

Historia wape hapo hapo, hamu ikiwa bado moto. Mwaka 1989 kampuni ya The World, huko Brookline, Massachusetts, Marekani, ilianza kuwauzia watu wa kawaida intaneti ya kupigiwa simu. Kwetu Kenya ilikuja miaka ya tisini. Kampuni ya intaneti ya Africa Online ilianzishwa na Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani. Kwa biti 28,800 kwa sekunde, picha ya megabaiti 3 ingechukua kama dakika 14, na simu inalipiwa muda wote huo. Ndiyo maana mtu aliandika barua zake zote kwanza, akapiga, akatuma, akakata. Nao waandike kwanza, ndipo wapige.

Kukata: tulia sekunde moja, andika +++ bila Enter, subiri OK, kisha ATH.