Ni nani anakuyua hapa? Kwa dada aliyeshuka gari la moshi kutoka Kasai

Dada, ukishuka pale gare, stesheni ya Lubumbashi, na furushi lako kutoka Mwene-Ditu, swali la kwanza la mwenye nyumba, la fundi, hata la muuza makala (mkaa) unayetaka akukopeshe, ni hilohilo: "Ni nani anakuyua hapa?", yaani nani anakujua. Mama yangu hakuwa na jibu. Akauza karanga za kukaanga mtaa wa Katuba miaka minne kwa mtaji wa mtu mwingine, faida nusu kwa nusu. Mimi leo ni fundi wa kushona, nina cherehani tatu, na wasichana wa nyumba kama yetu hunijia wakitaka kazi. Ninawaambia haya.

Mtaji uache kwanza, tafuta kujulikana. Ukiuza mikate, uza kwenye kona ileile, saa ileile, hata siku ya mvua. Usihamehame. Baada ya miezi miwili au mitatu wamama wa pembeni watakuwa wanakuachia beseni zao uwaangalizie wakienda kununua unga wa bukari (ugali). Hapo ndipo unaomba kuingia likelemba, yaani upatu, na usiombe zamu ya mbele. Kundi letu lilikuwa la wanawake 12, kila Jumamosi mtu anatoa falanga 5,000, mwenye zamu anabeba 60,000. Mimi nilipewa zamu ya mwisho. Wiki kumi na moja unatoa tu, inauma, sitakudanganya. Lakini tangu Jumamosi ile sikuulizwa tena nani ananijua.

Likelemba haiweki pesa, ndiyo maana hakuna cha kuiba. Mkitaka kukopeshana, fanyeni AVEC, kundi la sanduku la kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano, anapigiwa muhuri kwenye kijitabu chake. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba yake. Mwaka ukiisha mnafungua na kugawana yote.

Kundi langu la kwanza halikutaka usumbufu wa kufuli. Pesa zilikaa kwenye simu ya mtunza hazina mmoja, mtu wa kwaya, sauti tamu. Mwezi wa saba simu "ikapotea". Sasa tunahesabu kwa sauti, noti baada ya noti, na kila mtu anabeba jumla kichwani. Jumamosi inayofuata, kabla kufuli ya kwanza haijafunguliwa, tunamwomba mama asiyejua kusoma aitaje. Hajakosea hata siku moja, wenye diploma ndio wanaobabaika.

Usiunde kundi la Wakasai peke yao. Wazee hawajasahau 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, na kundi la kabila moja huanza kunong'onwa mapema. Letu lina Walamba, Wabemba, Waluba wa Katanga na sisi. Ukiitwa mgeni, nyamaza, uza. Mji huu ulianza 1910 pamoja na reli, na wazee wa wengi waliletwa na kazi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, kutoka mbali kama wewe.

Kuhusu kujifunza kazi: kwa fundi, patana kabla hujaketi. Miezi mingapi, unalipa nini, uzi ni wa nani, na utashika cherehani lini. Usipouliza hilo la mwisho utafua nguo za watoto wake mwaka mzima. Nilipokwenda kwa fundi wangu nilibeba kipande cha liputa (kitenge) nilichokipinda kwa mkono usiku. Hakuangalia mbele. Alikigeuza, akapitisha ukucha juu ya mshono upande wa ndani, akavuta uzi kuona kama utaachia. Kisha: "Kesho uje na mkasi wako." Kwa hiyo usiende kuomba kazi mikono mitupu, peleka kitu, na upande wa ndani uwe safi. Ukitaka kuajiriwa kwenye kampuni, pita INPP, chuo cha serikali cha mafunzo ya kazi, kwa sababu kampuni itataka karatasi na fundi wangu hakunipa karatasi.

Kadi yako ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chako, usiiache rehani kwa mtu yeyote, hata kwa deni la siku mbili. Na mtu akikuambia mwanamke aliyeolewa hafungui biashara bila barua ya mume, mjibu kwa heshima kwamba sharti la ruhusa ya mume, lililokuwa kwenye sheria ya familia ya 1987, liliondolewa na sheria ya Julai 2016. Siku hizi sheria inataka mume na mke wakubaliane, kila mmoja sawa na mwenzake. Mkopo mkubwa basi uzungumzwe nyumbani kwanza, naye yake ayaseme kwako.

Ukishasimama, zamu ya kujibu lile swali itakuwa yako. Kundini kwetu anayemleta mgeni hulipa pengo lake wiki mbili akitoroka. Nimelipa mara moja, 10,000, kwa msichana aliyepanda gari la Kananga bila kuaga. Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Jumamosi hii ninaleta mwingine, anauza samaki wa tomson kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, na nimeshamwambia zamu yake ni ya mwisho.