Rangi ya sabuni, mshumaa na rezini: jinsi ya kuichagua kabla hujaharibu mafuta yako

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza sabuni huja na mfuko wa sashe za rangi. Zimenunuliwa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, au zimeletwa na mtu aliyepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na juu yake hakuna maandishi ila jina la kupendeza. Swali huwa lile lile: hii itatoka vizuri? Siwezi kujibu kabla sijajua inaingia ndani ya nini. Unga unaometa ndani ya rezini (plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu) unaweza kugeuka rangi ya tope ndani ya sabuni, na ndani ya mshumaa ukaziba utambi. Hivi karibuni nilikaa na mama mmoja wa mtaa wa Katuba, tukamwaga rangi zake zote mezani tukazipitia moja moja. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kupika sabuni yenyewe sielezi hapa. Nachukulia unajua soda kostiki, una mizani, na kalibu zako ziko tayari.

Hatua ya 1: Sema inaingia wapi

Sabuni ya soda, sabuni ya gliserini ya kuyeyusha, mshumaa, rezini, au mafuta ya midomo. Andika kwenye karatasi. Kila kimoja kina rangi zake, na hakuna sashe inayofaa vyote vitano, hata kama muuzaji anaapa.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho

Chukua glasi ya maji safi, nyunyizia unga kidogo, koroga, acha dakika chache. Maji yakipata rangi na kubaki angavu kama chai, hiyo ni rangi ya kuyeyuka. Unga ukizama chini na maji yakarudi kuwa meupe, ni pigmenti, yaani unga wa rangi usioyeyuka. Ukielea na kumeta juu ya maji, ni maika, madini yanayong'aa yaliyosagwa. Kuna na aina ya nne inayodanganya: inameta kama maika, lakini maji nayo yanapata rangi. Hiyo ni maika iliyopakwa rangi ya kuyeyuka, na ndani ya sabuni ya tabaka mbili itahamia kwa jirani yake hadi mstari wako mweupe uwe wa waridi.

Ikiwa kopo lina lebo, acha jina la mbele, geuza nyuma utafute namba za CI (Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi). CI 77019 ni maika yenyewe. CI 77891 ni dioksidi ya titani, nyeupe. CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. CI 77007 ni ultramarini, bluu. CI 77288 ni kijani cha kromu. Hizi zote zinavumilia soda. Weka alama ya hatari kwenye CI 77510, bluu ya Prusia, na CI 77742, zambarau ya manganizi, nitazirudia.

Kwa midomo, usibahatishe. Kanuni za Marekani zinaruhusu ultramarini, kijani cha kromu na bluu ya Prusia kwa ngozi ya nje na karibu na macho, lakini si kwa midomo. Maika ya dhahabu au ya shaba iliyotengenezwa kwa titani na oksidi ya chuma inatosha kabisa, na inapendeza kwenye ngozi yetu kuliko hizo bluu.

Oksidi ya kutia rangi simenti, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ni chuma kilekile, na bei yake inavutia. Iache kwa vyungu vya simenti. Ya vipodozi husafishwa: kanuni hizo za Marekani haziruhusu zaidi ya sehemu 10 za risasi na sehemu 3 za aseniki katika milioni. Ya ujenzi hakuna aliyeipima kwa ajili ya ngozi ya mtoto wako.

Na kwa kuwa tuko Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba na kobalti, lazima niseme: usisage mawe. Kila mara kuna kijana mwerevu anayeona malakiti ilivyo kijani, anafikiri amepata rangi ya bure. Malakiti ni kabonati ya shaba. Shaba huharakisha mafuta kuchacha, kwa hiyo sabuni inatoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani, na vumbi la kusaga unalivuta wewe. Kobalti ni mbaya zaidi: inaleta mzio wa ngozi na inaumiza mapafu. Malakiti ichonge mkufu.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye soda

Kama unatengeneza sabuni ya gliserini, mshumaa au rezini, ruka hapa. Kama ni sabuni ya soda, kaa. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima na lita za mafuta.

Vaa glavu na miwani ya kinga, kaa nje au mlangoni penye hewa. Pima mililita 20 za maji kwenye kikombe kigumu cha plastiki, kisha tia gramu 10 za soda ndani ya maji. Soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, itaruka. Usitumie sufuria ya aluminiamu, na hizi za kwetu karibu zote ni aluminiamu: soda inaila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Sahani ya bati lenye enameli iliyobanduka usiitumie pia. Acha maji yapoe.

Sasa chukua sahani nyeupe ya plastiki. Dondosha matone machache, tia unga kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, koroga, na uandike jina pembeni. Fanya hivyo kwa kila rangi, ukiziachanisha. Angalia mara moja, halafu baada ya saa moja.

Bluu ya Prusia haikusubirishi: bluu nzuri ya jioni inaanza kufifia pembeni ya tone, na mwisho unabaki na rangi ya kutu. Na ni kutu kweli, maana soda imeivunja ikaacha chuma. Zambarau ya manganizi inageuka hudhurungi, na ukikaribia unaweza kusikia harufu ya amonia (usiingize pua). Ultramarini inakaa ilivyo. Oksidi za chuma zinakaa. Shida kubwa ni kijani. Maika nyingi za kijani ni bluu ya Prusia iliyochanganywa na njano, kwa hiyo kopo linasema zumaridi, sabuni inatoka kama uji wa mtama.

Lakini jaribio hili lina mipaka. Ni kali kuliko sabuni yenyewe, basi rangi iliyopita hapa kwa kawaida itapita ndani ya sabuni. Iliyogeuka kabisa hapa, usiipe nafasi ya pili. Iliyopauka kidogo tu, iendee kwenye jaribio la pili: toa rojo ya sabuni halisi kwenye vikombe vidogo, kimoja kwa kila rangi, na kimoja bila rangi yoyote. Hicho kisicho na rangi usikisahau, bila hicho huna cha kulinganisha. Baada ya kukata, gawa kila kipande mara mbili, nusu kabatini, nusu dirishani, hadi wiki 4 za kukausha ziishe. Manjano ya jikoni itakuonyesha sababu: kabatini ni njano ya kupendeza, dirishani imekimbia. Maji ya bitiruti na ua la lumanda (rozela) hayafiki hata huko. Soda inayageuza hudhurungi au kijivu siku ileile. Unga wa makala (makaa) uliosagwa laini sana haubadiliki, na ni wa bei nafuu.

Manukato nayo huharibu ushahidi. Yenye vanila yanafanya sabuni iwe ya kahawia polepole, na watu wanalaumu rangi. Jaribu rangi bila manukato kwanza.

Hatua ya 4: Angalia rangi ya mafuta yako

Mawese mabichi ni mekundu, na sabuni yake ni ya njano au chungwa kabla hujaongeza chochote. Ukitia bluu unapata kijani, ukitia waridi unapata rangi ya tofali. Kwa nyekundu, chungwa na kahawia, mawese ni rafiki. Kwa bluu na zambarau tumia mafuta ya mbegu za mchikichi au mawese yaliyosafishwa.

Hapa nina msimamo, na wauzaji hawaupendi: sabuni ya soda haipitishi mwanga, kwa hiyo mng'ao wa maika unazama ndani na kinachobaki ni rangi tu. Kwa nini ulipie mng'ao? Ndani tumia oksidi na ultramarini. Maika iweke juu ya kipande, au kwenye gliserini na rezini, ambako mwanga unapita.

Halafu maika inatoka wapi, jiulize. Nyingi inachimbwa India na Madagascar, na watoto wamo machimboni. Sisi wa Katanga jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kuna ya kutengenezwa kiwandani, lebo yake ina neno fluorphlogopite. Nikiipata, naichukua hiyo.

Hatua ya 5: Pima na uchanganye

Maika: kijiko 1 cha chai kwa gramu 500 za mafuta. Oksidi na ultramarini: anza na robo ya hapo. Changanya kwanza na mafuta kidogo, kijiko 1 cha chai cha unga kwa kijiko 1 cha mezani cha mafuta. Oksidi hushikana mabonge, hivyo isukume kwa mgongo wa kijiko kupitia chujio la chai, la sivyo utapata vidoa. Povu likitoka na rangi wakati wa kuoga, umezidisha.

Vaa barakoa ukipima unga mkavu, na uzime feni.

Hatua ya 6: Mshumaa na rezini

Mshumaa unataka rangi inayoyeyuka ndani ya nta. Maika, oksidi na krayoni za watoto zinaziba utambi. Moto unakuwa mdogo, kisha unazimika. Maika ipake nje kwa brashi.

Rezini inakubali karibu unga wowote mkavu. Usizidishe asilimia 5 ya uzito, na usiweke rangi yenye maji, haitakauka vizuri. Changanya rangi kwenye rezini kabla ya kutia kikazishi.

Sashe zisizo na lebo zilizopita majaribio zihamishie kwenye makopo, na juu ya kifuniko andika kwa kalamu isiyofutika: soda ndiyo, soda hapana, mshumaa hapana. Midomo usiandike kamwe kwenye kopo ambalo hukuliona likiwa na namba zake za CI.