Mambo ya kuzingatia kabla ya kuotesha maharage darasani

Anza wiki moja kabla ya somo, na anza na mbegu zenyewe. Robo kilo ya maharage ya sokoni inatosha darasa la wanafunzi 60 na nyingine inabaki. Tatizo huwa si wingi, ni uhai. Maharage yaliyokaa kwenye gunia zaidi ya mwaka, penye joto na unyevu, huenda yakaiva sufuriani kwa taabu lakini yasiote kabisa. Chukua punje 10 bila kuchagua, zikunje ndani ya kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa, weka kwenye bakuli lenye kifuniko, subiri siku 5. Zikiota 8 au zaidi, endelea. Zikiota 5, nunua mbegu nyingine. Siku ya somo weka kando punje zilizobunguliwa au kupasuka ganda.

Mbegu za duka la pembejeo ambazo rangi yake inatoka ukizishika kwa vidole vyenye maji zimepakwa dawa. Hizo haziingii darasani, hata zikioshwa.

Pamba ya kuoteshea iwe ya duka la dawa. Sufi ya mito haifai: maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la gimbi, mbegu inabaki kavu, na kila mtu anaamini imenyweshwa. Pamba ikikosekana, karatasi laini ya chooni inafanya kazi vizuri.

Vyombo: chupa za maji za nusu lita, zikatwe na mtu mzima, kingo zizungushiwe seloteipu kwa sababu zinakata vidole. Osha kwa sabuni, suuza. Tandaza karatasi laini iliyokunjwa mara mbili kuzunguka ukuta wa chupa kwa ndani, jaza pamba katikati ili iibane, kisha chomeka mbegu kati ya karatasi na ukuta, nusu ya kimo. Hapo mtoto anauona mzizi bila kufukua. Kila chombo kiwe na mbegu 5. Ukiweka moja nayo ilikuwa imekufa tangu gunia, darasa zima litajifunza uongo.

Kama lengo ni kuona mmea unavyokua tu, loweka mbegu kuanzia saa mbili usiku, zitoe saa mbili asubuhi. Lakini kama unalinganisha chombo chenye maji na kikavu, usiloweke hata punje moja. Mbegu iliyolowekwa imeshabeba maji yake tumboni. Utaiweka kwenye pamba kavu na bado inaweza kutoa mzizi, kisha utakosa cha kuwaambia watoto. Zote ziingie zikiwa kavu, jaribio lichelewe siku moja.

Chombo cha kuonyesha kazi ya hewa kinahitaji maji yaliyochemshwa dakika kama 10 ili hewa itoke, yakapoa yakiwa yamefunikwa. Yakiwa bado ya moto yanapika mbegu. Yamimine taratibu yafunike mbegu, halafu juu yake mafuta ya kupikia unene wa sentimita moja, kuzuia hewa isirudi. Majina ya vyombo yaandikwe kwa markapeni kwenye chupa yenyewe.

Sasa maji ya Ijumaa, kwa sababu hapa ndipo majaribio mengi yanapofia. Darasa limeotesha Jumatatu. Kufikia Ijumaa mizizi imetoka, myeupe, mirefu kama kucha ya kidole gumba, na watoto hawataki kuondoka dirishani. Kengele inakaribia, mtu anakumbuka kwamba Jumamosi na Jumapili hakuna wa kumwagilia, na kila kikundi kinajaza chombo mpaka mbegu zinazama. Jumatatu asubuhi harufu inakupokea mlangoni. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yana povu pembeni. Ganda linavuka likiguswa, na ile ncha nyeupe imekuwa kahawia na inateleza kama bamia. Watoto wengine wanalia. Mwalimu anasema mbegu zilikuwa mbovu, vyote vinamwagwa.

Mbegu hazikuwa mbovu. Mbegu inayoota inapumua, tena kwa nguvu kuliko ikiwa kavu, na maji yaliyotulia yana oksijeni kidogo mno. Ikiisha, mbegu inakufa na bakteria wanachukua nafasi. Kwa hiyo kina cha maji kisizidi sentimita moja chini ya chupa. Karatasi itayapandisha yenyewe hadi kwenye mbegu. Ijumaa ongeza yafike sentimita 2, bado chini ya mbegu, sogeza vyombo mbali na jua la mchana, basi. Na ikitokea vimezamishwa, usimwage kwanza. Viweke kando ya kile chombo cha mafuta, watoto waone kwamba vyote viwili vimekosa kitu kilekile.

Chombo kikavu kikae juu ya kabati. Mtoto atakionea huruma na kukipa maji kwa siri.

Kwa wanaoweka chombo kimoja gizani: jiandae, maana maharage yataota humo vizuri tu. Hayahitaji mwanga ili yaote, usiwaambie watoto vinginevyo. Tena mmea wa kabatini utakuwa mrefu kuliko wa dirishani, na watoto wataupa ushindi. Ndiyo maana rula peke yake haitoshi. Daftari liwe na safu ya rangi ya majani na ya unene wa shina. Endelea wiki 2 hadi 3, mpaka zile nusu mbili nene za punje zisinyae. Chakula kilichohifadhiwa kikiisha, mrefu yule analala.

Joto linabadilisha ratiba. Tanga au Mombasa mzizi unaweza kuonekana siku ya pili au ya tatu. Njombe wakati wa baridi ongeza siku kadhaa. Usianze wiki ya mitihani wala karibu na likizo. Majani halisi yakitoka, hamishia kwenye udongo, kwa sababu pamba haina lishe.

Mbegu iliyooza iondolewe siku hiyohiyo, ukungu unahamia kwa jirani. Usiku funika kwa wavu, panya wanapenda maharage yaliyovimba. Watoto wanawe mikono. Wasitafune punje mbichi, hata chache zinatapisha. Hesabu punje unapogawa na unapokusanya: ikiingia puani inavimba, na hapo usimwage maji wala usichokonoe, mpeleke mtoto hospitali.