Mba ya uso: namna ya kuituliza na kuizuia isirudi (someni yote kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile: "Pembeni mwa pua kwatoka magamba, nimepaka kila kitu, yapoa siku mbili yarudi. Nitumie nini?" Naliandika jibu mara moja, kwa ukamilifu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kwanza hakikisha ni mba. Hukaa penye mafuta mengi: nyusi, mikunjo ya pembeni mwa pua, ndevu, nyuma ya masikio, mstari wa nywele. Hutoka pande zote mbili. Magamba yake ni manjano-manjano na yana mafuta. Ukiyakwangua hushika ukuchani kama nta. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, huonekana mabaka yaliyopauka, na wengi hudhani ni choa. Choa huwa duara lenye ukingo ulioinuka, mara nyingi upande mmoja. Upele uliotanda mashavuni ukairuka mikunjo ya pua, tena viungo vyauma, si mba. Muone daktari.

Chanzo ni fangasi aitwaye Malasezia. Yuko kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kuna ambao ngozi yao haivumilii anachokiacha baada ya kula. Kwa hiyo mba haiambukizi, wala si uchafu, na hakuna dawa ya kuimaliza moja kwa moja. Twampunguza fangasi na kumweka chini.

Hatua ya 1. Acha mafuta usoni: ya nazi, ya zeituni, ya ufuta, yote. Na ya nywele yasishuke kwenye paji la uso.

Hatua ya 2. Nunua shampuu ya ketokonazoli (dawa ya fangasi) asilimia 2. Ndiyo, shampuu, na ndiyo, ya kuoshea uso.

Hatua ya 3. Lowesha uso. Kijiko kimoja cha chai chatosha uso na ndevu. Fanya povu kiganjani, paka, sugua kwa ncha za vidole mpaka kwenye ngozi iliyo chini ya ndevu. Funga macho, itawasha ikiingia. Ngoja dakika 5 ukitazama saa, kisha suuza. Wanaosuuza papo hapo ndio wasemao dawa haifanyi kazi. Kama kwenu ni maji ya kisima yenye chumvi, povu halitoki vizuri na ngozi hukauka. Siku za kuosha weka jagi moja la maji matamu.

Hatua ya 4. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 4. Jumatatu na Alhamisi, kwa mfano.

Hatua ya 5, na hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hivyo isomeni mara mbili. Kuwasha kukizidi, utaambiwa upake krimu. Inayofaa usoni ni haidrokotisoni asilimia 1, kiasi cha punje ya mbaazi kwa pua na nyusi, mara moja au mbili kwa siku, isizidi siku 7, na usiguse kope. Madukani hata hivyo utapewa ile krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria, na ndani yake betamethasoni au klobetasoli, steroidi za jamii moja na haidrokotisoni lakini kali zaidi. Siku ya tatu uso unang'aa, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiendelea kwa wiki na miezi, ngozi hukonda, mishipa hujitokeza, vipele vidogo huzunguka mdomo, na kila ukiiacha uso huwaka kuliko mwanzo, ukarudi dukani. Soma tyubu kabla ya kulipa. Ukiona moja ya majina hayo mawili, irudishe.

Hatua ya 6. Baada ya wiki 4 usiache. Osha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili, daima. Mabaka yaliyopauka hurudi rangi yake baada ya wiki kadhaa, hata miezi. Usipake kitu cha "kusawazisha rangi".

Wiki 4 zikipita bila nafuu, au mba ikija ghafla, kali, uso na kifua kwa pamoja, nenda hospitali na upime pia HIV, kwani kinga ikishuka mba hushamiri.

MASWALI

Wa Kisauni: Nimeona somo, lakini mimi nitumie dawa gani?
Jibu: Hatua ya 2.

Wa Majengo: Bibi zetu wamepaka mafuta ya nazi maisha yao yote na nyuso zao laini. Leo yamekuwa sumu?
Jibu: Sikusema sumu. Miguuni na viwikoni, paka. Bibi asiye na mba hana tatizo nayo. Mwenye mba ampelekea fangasi chakula.

Wa Likoni: Shukran, ami. Sasa uso ukikauka baada ya shampuu nipake nini? Vaselini si mafuta pia?
Jibu: Umeuliza vizuri. Vaselini hutokana na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini, haina zile asidi za mafuta anazokula fangasi. Paka kidogo mno, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kama joto la kaskazi lakufanya uione nzito, chukua losheni nyepesi ya glisarini isiyo na manukato.

Wa Tudor: Nimepewa vidonge vya ketokonazoli nimeze.
Jibu: Usimeze. Huweza kuharibu ini. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipendekeza visitishwe, na Marekani wakavibana sana. Ya kupaka na ya kuoshea haina shida hiyo.

Wa Mji wa Kale: Natia udhu mara tano, yadhuru? Na kofia je?
Jibu: Maji matupu hayadhuru. Sabuni mara mbili kwa siku yatosha. Kausha kwa kugusagusa, usisugue.
Wa Mji wa Kale: Basi niongeze langu: kofia ziwe tatu za kubadilisha, na foronya ifuliwe kila wiki.
Jibu: Sawa kabisa. Na wenye nikabu vivyo hivyo, ile sehemu inayogusa pua.

Wa Bamburi: Mwanangu wa miezi miwili ana magamba kichwani.
Jibu: Mamangu, usiogope, mara nyingi huisha kabla ya mwaka. Lainisha kwa vaselini, osha kwa shampuu ya watoto, pitisha brashi laini. Usibandue kwa kucha.

Wa Changamwe: Nimeacha ile krimu ya mchanganyiko tangu Jumamosi, niliipaka miezi minane. Uso umevimba, waungua. Nirudie kidogo tu?
Jibu: Usijirudishie mwenyewe, ndugu yangu. Nenda kwa daktari wa ngozi na tyubu mkononi, umwambie miezi minane bila kuficha. Yeye ndiye atakayekupangia namna ya kuiacha. Leo weka kitambaa cha maji baridi, na shampuu iache kwanza. Utuandikie ukishaonwa.